Mustari wa Mama Adèle

Mama Adèle hakufuta neno hata siku moja mu maisha yake. Akikosea, hatafuti gomme, hakwangui karatasi na wembe, hapaki ile dawa nyeupe ya ba-secrétaire bengine. Anakamata règle, anavuta mustari mumoja mwembamba juu ya neno, na neno linabaki linaonekana chini yake. Kisha kando anaweka herufi zake mbili, A.K., Adèle Kanyere. Basi. Neno limekufa, lakini kila mutu anaona lilikuwa nini, na nani aliliua.

Siku yangu ya kwanza ku bureau niliona ile kitu, nikacheka ndani ya roho. Mimi niko mutu wa kukasirika mbio na wa kucheka batu mbio, nasema mapema ili musinishangae kisha. Jina langu ni Léa. Nilikuwa na miaka makumi mbili na sita, nilitoka kusoma mathématiques na diplôme mukononi, nikajiona najua dunia yote. Nikamuuliza: "Mama, mbona haufute tu? Karatasi ingekuwa safi."

Hakuniangalia. "Papa yangu alikuwa anaandika kitabu cha ubatizo kule Lubero," akasema. "Aliniambia, ukifuta jina la mutu bila kuacha alama, siku moja batu batafikiri ule mutu hakuzaliwa. Leta ile règle."

Tulikuwa Butembo, mu coordination ya mashule ya kanisa: byumba bitatu, mabati juu, panneau moja ya jua ya kusaidia wakati courant inapotea, na inapotea kila siku. Barua zote za balimu zilipitia pale, toka shule za Lubero ku baridi ya viazi, mpaka Kamango karibu na mupaka wa Uganda. Coordonnateur wetu, Papa Zorobabel, kazi yake ilikuwa kutia sahihi. Mutu wa kuandika, kutuma, kupanga mu ma-farde na kukumbuka kila kitu alikuwa Mama Adèle, tangu miaka makumi mbili na sita. Yaani wakati mimi nazaliwa, yeye ameshakaa ku kile kiti.

Alikuya kila asubuhi saa moja na nusu, kwa miguu, na mwavuli hata kama jua linawaka, na thermos ya chai chini ya kwapa. Bwana yake alikuwa dereva wa camion ku njia ya Beni, alikufa na ugonjwa wakati batoto bao batatu bangali badogo. Alibalea peke yake, bote basichana, bote bakaolewa. Machine yake ya zamani ya kuandikia ilikuwa bado ku kona, imefunikwa na kitenge cha siku ya bamama, na kila siku ya kwanza ya juma alikuwa anaifunua, anaipanguza vumbi, anaifunika tena. "Ile njo ilisomesha batoto bangu," anasema. Hakuna mutu aliruhusiwa kuweka sufuria juu yake. Nilijaribu mara moja, nikasikia.

Sasa, siku balileta ordinateur, yaani kompyuta, kila mutu alifikiri mama atalia, ataomba kupumzika. Wapi! Mwezi mumoja tu, akaipenda kuliko sisi bote. Kisa chake ilikuwa rangi. Miaka yote alikuwa na rangi mbili tu za ruban ya machine, nyeusi na nyekundu, na sasa Mungu amemufungulia sanduku. Barua ya coordination ikaanza kutoka na cadre ya bluu pembeni, njiwa wa kanisa juu, majina ya ba-directeur na herufi nene, siku za congé, za kupumzika, na kijani, na kama kuna kifo, mustari mweusi unazunguka barua yote pembe ine. Halafu akagundua kale kabouton ka kukata neno na mustari katikati. Akapiga makofi, kweli kabisa, mikono miwili. "Léa! Kuya uone! Balikumbuka batu kama mimi!"

Donc hata mu ordinateur hakufuta. Tarehe ikibadilika, anakata ile ya kwanza na mustari, anaandika ingine kando. Mimi nilikuwa nafunga macho ili nisiseme kitu.

Mu programme yetu ya e-mail kuna fasi ya kuchagua message itaondoka na sura gani. Kuna HTML, ile inabeba rangi, herufi nene, mistari, mafoto. Kuna texte enrichi, tuliijaribu juma moja, batu ba Beni bakapokea fichier yenye haifunguki na kitu chochote, tukaiacha. Na kuna texte brut: maneno matupu, kama mutu anatoka nyumbani na nguo ya kulimia. Mama Adèle aliweka HTML kwa barua zote, siku zote, na ukimutajia texte brut anakunja uso. "Niandikie mutu muzima barua bila kuvaa? Nimukosee nini?"

Mwenye kuleta shida alikuwa Kamango. Directeur wa shule ya kule, Apollinaire, hakuwa na réseau ku shule. Kila siku ya ine ya juma alikuwa anapanda kilima na ordinateur ndogo mugongoni, anaketi juu ya jiwe, anangoja. Akatuandikia: "Mama yetu mupendwa, barua yako tunaona njiwa, kichwa, shingo, kisha réseau inakufa. Ni juma la tatu sasa, na njiwa hajafika ku mabawa. Tafazali, tutumie maneno tu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama Adèle hakucheka. Aliona haya, maskini, kama mutu mwenye aliambiwa chakula chake hakiliki. Kisha akasema: "Léa, fanya vile unajua. Lakini kwa Kamango tu. Bengine babakie na barua yabo nzuri."

Nikafungua carnet ya ba-adresse, nikaingia ku jina la Apollinaire, nikaweka: kwa huyu, siku zote texte brut. Mama ataandika na rangi zake ku écran kama kawaida, na wakati anatuma, programme yenyewe itavua kila kitu. Nilijiona mujanja sana. Programme ikaniuliza kama nakubali, juu mise en forme yote, mapambo ya maneno, itapotea. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kama iendelee kuuliza kila mara. Nikabonyeza hapana, isiulize tena.

"Na mistari yangu?" Mama Adèle akauliza nyuma yangu. "Ile nakata nayo maneno?"

Ilikuwa saa saba, njaa ilikuwa inaniuma, nilikuwa natafuta tu kwenda kula sombe. Nikajibu bila kugeuza kichwa: "Itafika, mama. Yote itafika."

Maneno mane. Nimeyahesabu mara mingi tangu ile siku.

Mwezi wa munane, conseil ilikaa kugawa balimu. Kulikuwa na liste ya batu saba benye baliomba kuhama. Wa saba alikuwa Mwalimu Kataliko, Timothée Kataliko, wa mathématiques kule Kamango. Huyu nilikuwa namujua ku barua tu. Aliandika kila mwaka, miaka mitano, barua moja ile ile: aliomba arudi Lubero juu mama yake, Mama Vagheni, alikuwa peke yake mu nyumba na macho yalishakufa. Jirani njo alikuwa anamupikia. Yeye Kataliko alikuwa mutoto wa pekee mwenye alibaki. Mama Adèle aliweka zile barua tano mu farde moja, na siku moja nilimukuta anazisoma tena bila sababu.

Conseil ilikubali sita. Wa saba bakamukata, si kwa ubaya: hakukuwa na mutu wa kwenda kufundisha mathématiques Kamango pa nafasi yake. Papa Zorobabel akaleta karatasi ikiwa na mustari wa bic juu ya jina. Mama Adèle akapumua kwa nguvu. Akaketi ku ordinateur, akakata jina la Kataliko na kale kabouton kake, pole pole, na akaweka A.K. kando. Kisha akatuma kwa kila directeur message yake, mumoja mumoja, juu hakupenda kuchanganya batu mu salamu moja.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nakunywa chai yake.

Siku kumi na ine zikapita. Siku ya kwanza ya juma, mvua ya asubuhi ilikuwa imenyesha na njia yetu yote ilikuwa matope, mutu akasimama ku mulango. Murefu, mukondo, suruali ya matope mpaka ku magoti. Mugongoni godoro limefungwa na kamba, mukono mumoja valise, mukono wa pili kuku mwenye kufungwa miguu.

"Shikamoo mama," akasema. "Njo Mama Adèle? Mimi ni Kataliko. Wa Kamango. Nimekuya kuchukua barua yangu ya Lubero."

Na akatabasamu. Ee Mungu, ule mutu alitabasamu! Akaanza kusema bila kupumzika, kama batu benye bametoka safari. Pikipiki toka Kamango mpaka Beni, barrières nane, analala Beni kwa binamu, camion ya mbao asubuhi mpaka Butembo. Nyumba amerudisha kwa mwenyewe. Shamba ya mihogo amepatia jirani. Batoto ba darasa balimuimbia. "Na nilimupigia mama ku simu ya jirani," akasema. "Nikamuambia, mama, nakuya. Hakuamini. Nikamusomea ile liste yote, majina saba. Sasa banasema kila asubuhi anakaa inje ku kiti, anauliza kila mutu mwenye kupita: ni wewe?"

Akamupatia Mama Adèle kuku. "Hii ni ya wewe mama. Wasingya. Asante, wasingya kabisa."

Mama Adèle alikamata kuku. Sikuwahi kuona uso wake vile. Akasema: "Mwalimu, kaa kwanza. Vua godoro. Léa, mupe chai." Kisha akaenda ku armoire, akatoa farde ya conseil, akafungua. Mustari wa bic ulikuwa pale, juu ya jina la saba. Akarudi ku ordinateur, akafungua fasi ya messages zenye zilitumwa, akatafuta ya Kamango.

Majina saba. Moja, mbili, tatu, mpaka Kataliko Timothée, Lubero. Hakuna mustari. Kulikuwa tu na zile herufi mbili kando, A.K., kama vile alitia sahihi ya kukubali.

Akasoma mara mbili. Akavua miwani, akaipanguza na kitambaa, akasoma mara ya tatu. Akanivuta karibu, akasema pole pole ili mwalimu asisikie: "Léa. Nakumbuka nilimukata. Naona bado kidole changu kinabonyeza. Kumbe sikumukata. Mwana wangu, kichwa changu kinaanza kwenda. Nimezeeka."

Nilijua mara moja. Nikaona tena ile siku, saa saba, njaa, sombe, na ile swali lake nyuma yangu. Haya yalinipanda mpaka ku masikio. Na juu ya haya, mimi vile niko, ikakuya kasirani: nikamukasirikia Apollinaire na kilima chake, nikamukasirikia programme, nikamukasirikia hata kuku. Kidogo tu ningenyamaza. Nasema ukweli, nilifikiri kunyamaza. Hakuna mutu angejua. Bangesema ni mama, amezeeka, muache apumzike.

Alishasimama anaenda kwa coordonnateur. Nikamufuata.

Papa Zorobabel si mutu mubaya. Anacheka sana, na anaogopa ba-inspecteur sana. Alisikiliza Mama Adèle mwenye kusimama mbele ya meza yake na farde ku kifua, anaeleza vile yeye mwenyewe, Adèle Kanyere, alisahau kukata jina. Papa akashika kichwa. "Mama! Sasa tutafanya nini? Arudi tu Kamango. On n'y peut rien, hatuna la kufanya. Tumuombe msamaha, tumutafutie camion."

"Atarudi," Mama Adèle akasema. "Mais mama yake tutamuambia nini? Ameketi ku kiti inje. Ile barua iko na herufi zangu, papa. Miaka makumi mbili na sita, hakuna mutu alipata karatasi toka mu ile bureau kisha tukamuambia karatasi ilidanganya. Kama ni lazima mutu atoke, nitoke mimi."

"Hapana!" nikasema. Nilipiga kelele, hata mwalimu alisikia ku chumba kingine. "Hakusahau kitu! Mama, kichwa chako kiko sawa. Ni mimi."

Nikabavuta bote babili mpaka ku ordinateur, coordonnateur na tumbo lake. Nikafungua message ya Lubero ya siku ile ile. Ilikuwa na cadre ya bluu, njiwa muzima na mabawa, majina saba, na juu ya la saba, mustari. Safi kabisa. Nikafungua ya Beni: mustari. Nikafungua ya Kamango: matupu. "Muone. Alikata. Njo mimi niliweka texte brut kwa adresse ya Kamango, na texte brut haibebe mustari. Inabeba maneno, basi. Programme iliniambia, nikaiambia inyamaze. Na mama aliniuliza, mistari yangu itafika? Nikamujibu itafika. Sikuangalia hata."

Mama Adèle aliangalia écran ya Lubero muda murefu. Akatia kidole juu ya ule mustari, akaufuata toka mwanzo mpaka mwisho. Akasema tu: "Nilimukata." Na mabega yake yakashuka, akaketi.

Papa Zorobabel akakwaruza kidevu. "Bon. Sasa tunajua kosa ni ya nani. Mais haibadilishe. Mathématiques ya Kamango iko bila mutu."

Tulisikia kuku anajipiga-piga ku sakafu kule. Hakuna mutu aliniangalia. Njo ile iliniua. Kama bangeniangalia, ningekasirika, ningekataa mara ya tatu kwenda kule, najijua. Lakini Papa alikuwa anaangalia dirisha, Mama Adèle anaangalia mikono yake, na mulangoni Kataliko alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Alishaelewa. Uso wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameanza kufunga tena kamba ya godoro na mukono mumoja, pole pole, bila kumutukana mutu.

"Niko na diplôme, ama?" nikasema. "Iko mu dossier yangu. Munipeleke mimi."

"Wewe?" Papa Zorobabel akasema. "Tulikuomba uende kule, ulikataa mara mbili!"

"Nilikataa, njo nasema sasa. Munaandika ama munangoja nibadilishe mawazo?"

Nilikuwa nalia tayari, na nilikuwa na hasira juu nalia. Kataliko akaweka kikombe chini, akafunika uso na kofia.

Mama Adèle hakunikumbatia. Si mutu wa vile. Alichukua ile karatasi ya conseil, yenye mustari wa bic. Niliwaza atafuta, atachana, ataandika ingine. Hapana. Chini ya jina la Kataliko akaweka vitone vidogo-vidogo, kimoja kimoja, na kando akaandika "bon", yaani iko sawa. Vile njo papa yake alimufundisha: neno lenye lilikatwa kwa makosa, ukitaka lirudi mu uzima, haufuti mustari, unaweka vitone chini ili batu bajue lilikufa na likafufuka. Akatia A.K. Akanipatia bic. "Na wewe weka zako. Kosa ni yetu mbili."

Papa Zorobabel akatia sahihi chini. Kisha Mama Adèle akamurudishia Kataliko kuku yake. "Umupelekee mama yako. Na uende leo, camion ya Lubero inaondoka saa sita."

Sitabadanganya kama Kamango ilinipenda siku ya kwanza. Joto lilinipiga, batoto makumi sita na tisa mu darasa moja, na siku ya soko nusu yabo banavuka mupaka na bamama babo kwenda kuuza, wewe unabaki unafundisha ma-fractions kwa viti. Nililia mwezi muzima. Mama yangu alilia Butembo, tukalia pamoja ku simu. Lakini siku za ine nilianza kupanda kilima na Apollinaire. Yeye anabeba ordinateur, mimi nabeba modem na mandazi, tunaketi ku jiwe, tunangoja barua za Mama Adèle.

Alikuwa bado anaandika na rangi zake kule Butembo, najua. Hakukubali kuacha. Lakini tangu ile siku, kwa Kamango, kila kitu chenye hakitafika alikuwa anakisema na maneno. "Examen itakuwa tarehe 4, hapa nimekata na mustari, itakuwa tarehe 6." "Jina la Jacob nimeliandika na herufi nene, munielewe." "Njiwa iko juu, anabasalimu." Barua za mistari mitano zikawa za mistari kumi na tano. Mwanzoni ilinikasirisha. Kisha ikawa kama hajatuma njiwa, siku haikamiliki.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa pili, message ikaingia, fupi. Apollinaire akanipatia ordinateur. Ilisema hivi:

"Léa mwana wangu. Mama Vagheni, mama ya Mwalimu Kataliko, alipumzika jana Lubero, saa tisa ya muchana. Mwana wake alikuwa anamulisha uji, kijiko kilikuwa bado mukononi. Mbele ya kulala aliuliza: ni wewe? Akamujibu: ni mimi, mama. Mwaka mumoja na miezi saba balikuwa pamoja. Usomee batu ba shule, balimupenda mwalimu. Nimezungusha barua hii mustari mweusi, pembe ine. Najua hautafika kwenu. Nimeuweka tu. A.K."

Nililia pale ku jiwe, na safari hii sikukasirikia mutu. Apollinaire alitoa cahier yake, akanakili maneno yote ku ukurasa musafi, vile anafanya kwa kila barua ya kusoma mbele ya batoto. Alipomaliza, alitaka kufunga cahier. Nikamuambia angoje. Nikamuomba règle yake na bic nyeusi, nikavuta ile mistari ine.